Chanjo ya Mafua Katika Nyumba ya Eda

Jumapili, tarehe kumi na nne Septemba. Kumekucha na mawingu mepesi, kukanyunya kidogo, kisha jua likatoka na halikuingia tena. Upepo wa kusi umelegea. Leo sikuhitaji leso ya pili mabegani, na jirani zangu hapa Mtopanga wametoa magodoro nje yapigwe jua.

Nilistaafu mwisho wa mwezi wa sita. Vijana niliowaacha zahanati waliniomba niwaandikie ya kazini. Nikawaambia mimi niliishia darasa la saba, sina elimu ya kuandika. Wakasema wao elimu wanayo, la kuandika ndilo hawana. Sijui walikuwa wakinibembeleza au wakinicheka. Naandika hivyo hivyo. Mkikuta mahali hapafanani na mnavyojua nyinyi, huenda nimesahau mimi, na huenda hamkuwapo.

Niliingia zahanati kwa kufagia. Siku ya kwanza niliona boksi la buluu juu ya meza, mfuniko wake umekazwa kwa mkanda, nikadhani ni la soda, nikafurahi kwamba serikali inawajali wafanyakazi wake. Sista Mwende, ambaye sasa amerudi kwao Machakos kulima maembe, akaniona nalifungua. Hakunigombeza. Alinishika mkono akautia ndani, kwenye chupa bapa za barafu, akasema: "Humu mna watoto wa Kisauni nzima. Ukilala, wanaumwa." Tangu siku hiyo sikuligusa boksi lile kama chombo cha plastiki.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuliandaa. Zile chupa za barafu hazitoki kwenye friji zikaingia moja kwa moja kwenye boksi. Unaziweka mezani zitoke jasho, unatikisa kila moja sikioni, ukisikia maji yanacheza ndani, hapo ndipo unaipanga. Zipo chanjo ambazo joto huziharibu, na zipo ambazo kuganda ndiko huziua, na ukizitazama kwa macho huoni tofauti. Nimetikisa chupa hizo miaka yangu yote. Mume wangu, Mzee Karisa, husema hata nazi sokoni nazitikisa kwa namna ile.

Baada ya kufagia nikapewa kuita majina, halafu kulibeba boksi tunapotoka kwenda mitaani, halafu kutangulia nyumba kwa nyumba kuwaambia watu kwamba tunakuja. Kudunga sikuwahi kudunga, wala si kazi yangu. Kazi yangu ilikuwa mlangoni. Sista Mwende alinionya nisifike kwa mtu nikaanza na sindano. "Muulize amelalaje," alisema. "Akikujibu hilo kwa kweli, mengine yatakuja yenyewe." Nimewaona vijana wakianza na "Mbona hamkuja zahanati?" Sisemi ni makosa, wana haraka na kazi ni nyingi, lakini mlango hufungwa.

Miaka hiyo yote chanjo ilikuwa ya watoto na mama wajawazito. Wazee walikuja kwetu kupimwa presha na sukari, wakaenda zao. Kisha ikaja korona, na kwa mara ya kwanza tukawafuata wazee na sindano, pamoja na maneno yote mliyoyasikia ya wakati ule. Chanjo ya homa ya mafua niliisikia kwa mbali tu. Ilikuwa hospitali za kulipia kule Nyali, kwa wenye bima au wenye watoto ng'ambo. Huku kwetu mtu akipata mafua ananunua tangawizi.

Mwaka huu, kabla ya baridi, ukaja mradi na chanjo ya mafua ya bure kwa wazee na wenye maradhi ya kifua. Zilikuwa za muda mfupi, zikiisha zimeisha. Nilifurahi, maana niliona nitastaafu nikiwa nimefanya jambo jipya. Siku ya kwanza tuliweka viti chini ya turubai tukangoja. Wazee waliokuja walikuwa wachache, na wengi wao ni wale ambao nyumbani wana mtu wa kuwapeleka. Waliokaa peke yao, ambao kifua kikiwabana hakuna wa kuwasikia, hawakuonekana.

Nikatumwa mitaani kuuliza. Nilisikia mengi, na karibu yote yalikuwa na maana. Mmoja alisema nauli ya boda ya kwenda na kurudi ni mboga yake ya siku. Mwingine analea mjukuu, atamwacha na nani? Wengine walisema mafua ni mafua, hayajaua mtu, ingawa jirani zao waliozikwa "kwa kifua" nilikuwa nawakumbuka. Wanawake walikuwa na neno ambalo hawakulisema mpaka nikae nao chini. Zahanati kwetu pazia la chumba cha sindano limechanika, foleni iko mbele ya mlango, na mwenye kudunga ni Nesi Odhiambo, mkuu wetu, kijana mwenye heshima sana lakini mwanamume. Mama wa miaka yake avue buibui, apandishe mkono wa kanzu hadi begani, vijana wanatazama? Walisema heri mafua.

Katika hao alikuwamo Bi Rukia, na ni kwa ajili yake naandika haya.

Bi Rukia ni mtu wa Mlaleo, nyumba ya vyumba viwili yenye ua. Mwaka uliopita mafua yalimshuka kifuani yakawa nimonia, akalazwa, na tuliomwona hatukudhani atarudi. Mwaka huu mwishoni mwa mwezi wa nne mumewe akafariki, naye akaingia edani. Mimi ni Mgiriama wa kanisani, mambo ya eda nimeyajua kwa ujirani tu. Mjane hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki ila kwa dharura, na wanaume wasio maharimu, yaani ndugu zake wa karibu, hawaingii. Miezi hiyo ilimwangukia katikati ya baridi yote.

Nilikwenda kwa ustadhi wa madrasa ya jirani nikamuuliza kwa adabu. Akasema matibabu ni dharura, mjane anaweza kutoka mchana akatibiwa akarudi. Nikaenda mbio kwa Bi Rukia na jibu hilo kama niliyeokota lulu.

"Ustadhi amesema kweli," akaniambia. "Lakini dharura ni ya mgonjwa, Kadzo. Mimi siumwi. Wataka nitoke edani mwa mume wangu nende nikatibiwe ugonjwa ambao haujaja?"

Hadi leo naona hoja yake ilikuwa nzito. Chanjo ni dawa ya mtu mzima wa afya, na mtu mzima wa afya hana dharura. Nilikaa pale nikitazama miguu yangu.

Pale ndani palikuwa na wanawake wengine, maana mjane haachwi peke yake. Kila asubuhi akina mama wa mtaa huja kukaa naye, wakichambua mchele, wakisema wa watu. Mkubwa wa maneno ni Bi Mwanasha, jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

"Kadzo, hilo boksi lako lina miguu?" akaniuliza.

"Halina."

"Na wewe?"

"Ninayo."

"Basi lilete hapa. Sisi kila siku tumekaa hapa hatuna kazi, mikono tunayo, na wanaume hawaingii. Zahanati gani tena wataka iliyo na stara kuliko hii?"

Wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu niliona amesema jambo. Niliwahesabu kwa macho, wote ni wazee, na hakuna hata mmoja aliyekuja kwenye viti vyetu.

Nesi Odhiambo alinisikiliza mpaka mwisho. Aliniambia tatizo lake wazi. Kichupa kimoja ni cha watu kadhaa, na kikifunguliwa nje hakirudi kwenye friji. Hawezi kukifungua kwa ajili ya mtu mmoja huku wengine wakikosa. Lakini kama nyumba ile ina watu wa kukimaliza, Sista Saumu wa kliniki ya watoto anaweza kwenda asubuhi moja, na yeye mwenyewe atashika nafasi ya Sista. Kuwashikia watoto wale mizani, mkiwa mmewahi kuona, si zawadi ndogo.

Nikarudi kwa Bi Rukia kumwambia. Akasema: "Hamisi hataki. Nilimgusia kwa simu, akakataa. Na Hamisi ndiye anunuaye dawa zangu, ndiye alipaye nyumba. Nikiugua ni yeye atakayebeba. Siwezi kumzunguka."

Hamisi ni mwanawe wa pekee, anafanya kazi kwenye yadi ya makontena kule Changamwe. Nilifikiri sana kama ni mahali pangu kumfuata. Mwisho nikaenda, saa ya chakula cha mchana, nikamkuta nje ya geti na sahani ya chapati na maharagwe.

"Shikamoo, Mama Kazungu," akaniita kwa jina la mwanangu. "Mama amekutuma."

"Marahaba, mwanangu. Hakunituma. Amesema wewe umekataa, na yeye hakuzunguki. Nimekuja kukusikia."

"Na nikikataa tena?"

"Nitarudi nimwambie umekataa tena."

Akasogea nikae. Alikula kidogo, kisha akasema babake alikwenda hospitali kwa miguu yake mwenyewe, akadungwa sindano, wakamtoa wamembeba.

Nikamwambia namkumbuka mzee, na kwamba kifua kilikuwa kimembana siku nyingi kabla hajakwenda.

"Najua," akasema. "Ugonjwa ndio uliomuua, kichwani nalijua hilo. Lakini nikisikia sindano, moyo wakataa. Waweza kuniapia mamangu hatapatwa na kitu?"

"Siwezi kuapa. Mkono utamuuma. Huenda mwili ukapata joto siku moja au mbili. Na hata akidungwa huenda akapata mafua, ila Sista anasema yatakuwa mepesi kuliko ya mwaka jana. Hayo ndiyo nijuayo, na mengi yake ni ya kuambiwa."

"Hospitali hakuna aliyetuambia baba anadungwa nini. Walisema ngojeni nje."

"Huenda walikuwa na haraka."

"Huenda." Akafuta sahani kwa kipande cha chapati. "Basi achague mwenyewe. Lakini joto likimshika, nipigie wewe. Yeye hunificha."

Asubuhi ya chanjo niliamka mapema kupanga boksi. Ilikuwa mara yangu ya mwisho kulibeba, lakini sikulifikiria hilo. Nilikuwa nafikiria joto. Kwa Bi Rukia tulitundika leso mlangoni mwa chumba, kitanda kikawa kiti, na Sista Saumu akaanza maswali yake, maana haanzi na sindano hata mgonjwa akiwa mamake.

"Bi Mwanasha, chanjo hii hutengenezwa kwa mayai; yanakudhuru? Yakikuletea vipele au kubanwa pumzi niambie."

"Yakiletwa nayala, mwanangu. Shida ni kuletwa."

Ilipofika zamu yake, huyo huyo aliyetuita hakuonekana. Tulimkuta jikoni ameshika sufuria, anasema wali utaungua, na jiko halijawashwa. Aliletwa na wenzake wawili, analalamika kwamba yeye alitoa rai tu, hakusema ataitumia. Mama wawili walikataa kabisa. Tuliwaacha, na hakuna aliyewasema, wakaendelea kuchambua mchele. Waliobaki walikitosha kichupa.

Bi Rukia alidungwa mwisho. Alisema bismillahi, akageuza uso ukutani. "Ndiyo hii tu?" akauliza. Sista akasema ndiyo. "Basi wameiogopa bure," akasema. Tulikaa naye muda unaotakiwa, tukaona yu sawa, tukaondoka.

Kesho yake asubuhi Bi Mwanasha akanipigia simu. Mwili wa Bi Rukia ulikuwa wa moto, anatetemeka, hataki kula.

Sista alikuwa ametuambia linaweza kuja. Mimi ndiye niliyemwambia Hamisi. Lakini kulijua jambo si sawa na kulishika mkononi, na mkono wa Bi Rukia ulikuwa unaunguza. Nilimpigia Hamisi kwanza kama nilivyoahidi, kisha Sista Saumu. Sista akasema apewe Panadol na maji mengi, nitazame mbavu zake anavyopumua. Mbavu zikivuta ndani, au maneno yakimkatika, aletwe mara moja, eda au si eda.

Hamisi alifika na tuktuk, akamwambia dereva angoje njiani. Alikaa mlangoni mwa chumba, kwenye kiti tulichowekea boksi jana. Akina mama walikaa uani, na safari hii hakukuwa na mchele.

"Mimi wangu ni mkono tu wauma," Bi Mwanasha akasema polepole. "Rukia akienda, wa pili kwenye foleni ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Mmoja wa wale waliokataa alinitazama, na nilijua lazima anitazame. Niliwaza kwamba Bi Rukia akipelekwa hospitali leo, hakuna mzee wa Mlaleo atakayefungua mlango tena kwa mtu mwenye boksi, si langu tu, hata la watoto. Na niliwaza pia kwamba huyu ni mamake mtu, na kwamba mimi si daktari wala sista, ni mtu wa mlangoni. Nilikuwa natazama mbavu zake. Zilipanda zikashuka, hazikuvuta ndani. Nikatazama tena, zilikuwa vile vile.

Alasiri joto likaanza kushuka. Akatoka jasho, tukambadilisha kanga. Akalala. Alipoamka aliomba chai, akapewa, akanywa funda moja, akairudisha.

"Mumeiweka tangawizi wapi? Nimeamka ninywe maji ya moto?"

Hamisi akacheka, cheko moja fupi, kisha akaenda uani akafungua mfereji akanawa uso, na akakaa huko muda mrefu kuliko uso unavyohitaji. Aliporudi akamlipa dereva wa tuktuk akamwambia aende. Mimi niliketi sakafuni.

Nikastaafu wiki chache baadaye. Ilikuja baridi yake ile mnayoijua, ya mwezi wa saba na wa nane, upepo na manyunyu, na nusu ya mtaa ikakohoa. Bi Mwanasha alishikwa na mafua wiki nzima, akamwambia kila mtu kwamba alidungwa maji. Lazima niliandike hilo, kwa sababu ni kweli aliugua. Hakulazwa. Bi Rukia alipiga chafya siku mbili. Sisemi ni chanjo. Huenda hata bila chanjo angepita salama, na huenda kukaa kwake edani, mbali na watu wa sokoni, ndiko kulikomkinga. Mimi sina namna ya kujua. Najua tu kwamba kila upepo ulipovuma nilimfikiria, na kila nilipopita alikuwa amekaa.

Kuna jambo lingine nataka vijana mlijue, maana isije ikaonekana tulimaliza kazi. Wazee wanaume hatukuwapata. Walikaa barazani kwao wakatuona tunapita na boksi, na hatukuwa na nyumba ya kuwakusanya, wala hatukuitafuta. Labda ipo. Labda ni kwa kinyozi, labda ni pale wanapocheza bao. Nyinyi mtaiona kuliko mimi.

Leo mchana nilikuwa uani nachambua mboga nikasikia hodi. Bi Rukia, buibui jipya, na Hamisi nyuma yake amebeba mfuko. Eda imekwisha siku hizi za karibuni. Alikwenda kwanza kwa ndugu wa mumewe, kisha akasema aletwe kwangu. Alipanda ngazi zangu mbili bila kushikwa. Nilizitazama mbavu zake kabla ya uso, ni mazoea, na akaniona.

"Wanitazama nini? Nipo."

"Karibu, Bi Rukia. Karibu ukae."

Tukaulizana hali, ya kwake, ya watoto, ya mtaa. Kisha akauliza kama mwakani ile sindano yaja tena, kwa sababu ameambiwa ni ya kila mwaka. Nikamwambia kweli, kwamba sijui. Ni mradi, na mradi huja na huondoka. Iliyopo siku zote ni ile ya Nyali, ya kununua.

Bi Rukia akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia bei bila kutajiwa.

Hamisi alikuwa anamsikiliza Mzee Karisa barazani, nilidhani hatusikii. Akasema bila kugeuka: "Ikija ya bure mtuambie. Isipokuja, mimi nitampeleka Nyali. Nitaanza kuweka sasa."

Mamake akainua macho, akayashusha. "Umesikia, Kadzo," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mimi sikumwambia."

Jua lilipokwenda chini nikawazuia wasiondoke. Nilikuwa nimepika ya watu wawili, ikabidi nisonge sima mara ya pili, na Hamisi akakuna nazi kutoka kwenye mfuko aliouleta. Tulikula sima, mtsunga, ile mboga chungu ya kwetu, kwa tui, na samaki ng'onda wa kukaanga, wanaume barazani, mimi na Bi Rukia mkekani uani. Hatukubakisha kitu.